Daktari wa Maswali

Watu wa Kangemi walimwita Daktari wa Maswali, kwa sababu katika miaka yote aliyopita kwenye vichochoro vyao hakuna aliyemwona akimtibu mtu. Alikuwa daktari wa vitabu. Alisomea kuhesabu wagonjwa, si kuwaponya, na jambo hilo alilieleza katika kila mlango tuliobisha, polepole, kwa subira. Watu walimsikiliza hadi mwisho, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakamwonyesha jipu.

"Daktari, angalia tu hapa kidogo."

"Mimi si daktari wa hivyo, baba."

"Kwani wewe ni wa gani?"

"Wa presha na sukari. Nauliza zinawagharimu nini."

"Sasa si uulize hii jipu imenigharimu nini?"

Na kweli aliuliza. Alikusanya gauni lake, akaketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, akamhoji yule mzee nusu saa nzima kuhusu jipu ambalo halikuwa kwenye utafiti wetu wala wa mtu mwingine yeyote. Alitaka kujua lilianza lini, alikosa kazi siku ngapi, nani alimpikia, na yule fundi wa ujenzi aliyempa kibarua alimwambia nini aliporudi. Mzee aliagana naye akiwa na furaha, na jipu lake pale pale.

Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulifuata familia za Kangemi, Waithaka na mitaa ya jirani ambazo zilikuwa na mtu mwenye presha au sukari. Nusu yao walipewa dawa bure kutoka kliniki, nusu wakaendelea kununua kama zamani. Kila baada ya miezi mitatu tulienda kuwapima, kuhesabu tembe zilizobaki, na kuuliza mambo ya nyumbani yanaendaje. Daktari alitaka kujua mtu akipewa dawa bure presha inashuka kiasi gani, na nyumba inapumua kiasi gani. Hilo la nyumba kupumua ni neno lake. Kwenye ripoti liliandikwa kwa maneno marefu zaidi ambayo hata yeye aliyasoma kwa kusitasita.

Kabla sijaendelea niseme ubaya wangu, maana nikiuweka mwisho mtadhani nilikuwa mtu mwema muda wote huu. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye orodha ya Daktari, katika ile nusu ya dawa za bure. Aliingia kwa kura miezi miwili kabla sijaajiriwa, na kitambulisho chake kina jina la babake, kwa hiyo hakuna aliyetuunganisha. Sheria ya kazi ilisema jamaa za wafanyakazi waondolewe. Nilinyamaza. Baadaye nikagundua jambo la pili: mama alikuwa anakata kila tembe katikati na kumpa baba nusu. Baba alikuwa na presha ya kurithi na kiburi cha kujitafutia, na kliniki hakuikanyaga. Hilo nalo nikalinyamazia. Kwa hiyo wazee wangu wawili walikuwa wanaishi kwa nusu dawa, na mimi nililipwa mshahara nihesabu tembe hizo na kuandika kwamba zimeisha vizuri.

Daktari hakupenda majibu yaliyopigwa pasi. Hayo ni maneno yake. Ukimletea fomu iliyojaa "kawaida", "vizuri", "hakuna shida", aliishika kwa vidole viwili akakurudishia.

"Hii imepigwa pasi. Nenda uniletee yenye mikunjo."

Akituma mtu arudi Kangemi kwa miguu kwa ajili ya mkunjo mmoja, hakuona haya. Mimi alinirudisha mara tatu kwa mama mmoja muuza mitumba aliyesema dawa hazimgharimu kitu kwa kuwa anapewa bure. Mara ya nne alikwenda mwenyewe. Alimuuliza siku ya kliniki ameamkaje, amefika saa ngapi, amerudi saa ngapi, na kibanda alimwachia nani. Ikaja kujulikana kwamba alikuwa anamwachia jirani, na jirani, kwa wema wake wote, alikuwa amewavutia kwake wateja watatu wa kila wiki ambao hawakurudi tena. Daktari akaandika kwenye kisanduku cha gharama: "Wateja watatu." Kijana wa kompyuta pale ofisini alitaka kulia. Kisanduku kilikuwa cha tarakimu tu, na mashine iliyakataa yale maneno usiku na mchana.

"Weka shilingi, Daktari. Hata ya kukadiria."

"Sasa mimi nitajuaje bei ya mteja? Wewe unaijua?"

"Sijui."

"Basi acha mashine ikae bila kujua kama sisi."

Mpaka leo sijui kisanduku kile kilijazwa nini.

Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, karibu na River Road, orofa ya sita ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Hapa nimseme Daktari kidogo, kwa kuwa anastahili. Huyu mtu aliyewaambia watu wa mitaa mitatu watembee, wapande ngazi, waache chumvi, alikuwa anaisubiri ile lifti. Mara nyingi tulishuka kula chakula cha mchana, tukarudi, tukamkuta bado amesimama mbele ya mlango wake akisoma karatasi, kana kwamba lifti ina heshima na itakuja. Chai yake ilikuwa ya vijiko vitatu vya sukari. Nilipomkumbusha kwamba sukari ni nusu ya jina la utafiti wake, alinijibu kwamba yeye ni mtafiti, hajawahi kusema ni mfano.

Na damu hakuiweza hata kidogo. Muuguzi wetu alipomdunga mtu kidole kupima sukari, Daktari aligeuka akatazama ukutani, akaanza kusifu kalenda. Kuna nyumba moja Kangemi isiyokuwa na kalenda wala picha wala chochote ukutani. Akasifu ukuta.

Vifaa vyake alivibeba ndani ya kiondo. Tulikuwa tumepewa mikoba ya kazi, mizuri, yenye zipu na nembo, lakini alisema ukiingia kwa mtu na mkoba kama ule anakupa majibu ya mkoba. Kwa hiyo mashine ya presha ilikaa ndani ya kiondo, na kwa kuwa hakuweza kupita sokoni bila kununua, juu ya mashine kulikaa sukuma wiki, na juu ya sukuma dania. Mkanda wa kupimia ulinuka dania mwaka mzima. Wagonjwa walidhani ni dawa. Kununua kwenyewe kulikuwa ni mchezo wa kuigiza: alibishana na muuza parachichi hadi watu wakasimama, akamshusha bei, akashangilia, kisha akamwongezea ile pesa aliyompunguzia, kwa sababu ameona mguu wake umevimba.

"Huo mguu unapimwa wapi?"

"Haupimwi, Daktari. Unauma tu."

"Toa mkono."

Na mashine ilitolewa chini ya sukuma, hapo hapo, watu wakitazama. Vijana wa kubeba mizigo waliokuwa wakimtania kutoka upande wa pili wa barabara, "Niaje docta, leo unauliza nini tena?", mwishowe nao walikuwa wanapanga foleni.

Wengi ofisini walidhani ni tajiri kwa kuwa aliishi Spring Valley. Siku moja nilimpelekea fomu nyumbani na nikaona utajiri wenyewe. Ni vyumba viwili vya nyuma vya jumba la mtu, alivyopanga tangu zamani, na ndani yake karatasi zimejaa hadi juu ya friji. Alikuwa ametoka Ukambani miaka mingi, lakini muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe aliupika mwenyewe, akaubeba kwenye chombo cha kutunza joto, na kila mfanyakazi mpya alilazimika kula. Ukisema umeshiba, alikuuliza umekula nini, saa ngapi, na nani, na nani alipika. Watu walikula kuepuka maswali.

Alikuwa na vita na neno wastani. Kazi yake yote ilikuwa kutafuta wastani, na aliuchukia. Mkurugenzi wetu, mtu wa tai nyembamba aliyependa ukurasa mmoja, kila aliposimama kwenye mkutano akasema kwa wastani familia inatumia kiasi fulani kwa dawa, Daktari aliinua mkono taratibu.

"Hiyo familia ya wastani inakaa wapi? Nataka kwenda kuisalimia. Miaka yote hii sijaiona."

Watu walicheka, mkurugenzi naye alicheka kidogo, lakini uliona tai inambana. Mimi nilimwambia siku moja atajitafutia matatizo. Alinitazama, akaniita kama alivyoniita siku zote, kwa jina la kwetu.

"Wa Waithaka, mtu haumwi kwa wastani. Anaumwa yeye."

Mwaka wangu wa tatu, Waithaka alinipa mimi kwa sababu ni kwetu na ninajua njia. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nikimhoji mama yangu mwenyewe, jikoni kwake, naye akimenya viazi.

"Una umri gani?"

"Huyu mtoto amerukwa na akili."

"Mama, ni fomu."

"Andika vile unajua."

"Unaishi na nani?"

"Si na babako? Ama kuna mwingine umeona?"

Katika ziara yangu ya pili nilimkuta na kisu na kibao cha chapati, anakata tembe. Alikuwa na ustadi, pande mbili zinatoka sawa. Nilimuuliza anafanya nini, akaniambia ile ya babangu ni ile pale kwenye kisahani. Nikamwambia mama, hii dawa ni yako peke yako. Alishangaa kwelikweli.

"Imeingia kwa hii nyumba, ni ya hii nyumba. Wewe umewahi kula yai peke yako hapa?"

Sikuwahi. Kwetu yai lilikatwa. Nilijua ni kosa, nilijua presha ya mama haitashuka na ya baba haijulikani hata iko wapi, na bado nilisikia maneno yake yana akili kuliko fomu yangu. Nilimwomba aache. Alisema sawa, kwa ile sauti ya kunifukuza jikoni. Ningeweza kumwambia Daktari siku hiyo hiyo, lakini mama angeondolewa, na mimi ningefukuzwa nikiwa na watoto wawili shuleni. Nikaandika: tembe zimeisha kwa wakati, mgonjwa anafuata maagizo. Niliandika hivyo mara tano, zaidi ya mwaka mzima.

Zile namba zilimsumbua Daktari. Alikuwa na fomu ya mama mezani, akiigeuza huku na huku.

"Mama huyu ni mwaminifu kuliko padri. Hajakosa tembe hata moja. Na presha yake inanitukana. Kwa nini?"

"Labda ni chumvi," nikasema.

"Labda. Twende tukamwone."

Usiku ule nilimpigia mama simu nikamfundisha. Ajifanye hanijui. Aniite bwana. Mama alikubali haraka mno, nikajua nimekwisha.

Tulifika asubuhi, mimi, Daktari na kiondo. Mama alitoka amevaa kitambaa cha kanisani, akamkumbatia Daktari, kisha akanigeukia mimi kwa adabu kubwa. "Karibu pia wewe, bwana mgeni." Hatua tatu baadaye akasahau. "Na ufute hivyo viatu, umetoka wapi na hiyo matope yote?" Chai ikaja, yangu ikiwa ndani ya kikombe changu cha bati cha tangu shule ya msingi. Akanitazama nikinywa, akasema bwana mgeni amekonda. Daktari alikuwa anatafuta kalamu kwenye kiondo, na mimi nilimshukuru Mungu kwa ile dania.

Baba aliketi kwenye kiti chake karibu na redio, akasalimia, akarudi kwenye habari zake. Maswali yakaanza, na mama akayajibu yote vizuri mno. Chumvi ameacha. Dawa anakula. Daktari aliandika, akajikanda paji la uso, akasema vumbi la barabara limempa maumivu ya kichwa.

"Kichwa?" Mama alisimama. "Ngoja."

Niliona anakoelekea na sikuweza kufanya lolote. Alichukua kisu, akachukua kibao, akakata tembe moja katikati, akaleta nusu kwenye kisahani kando ya chai ya Daktari, kama mtu anayeongeza kipande cha mkate.

"Kula hiyo. Mzee akisikia kichwa hivyo, hiyo ndiyo humsaidia."

Daktari aliiokota ile nusu, akaigeuza kwa kidole.

"Mzee hupata nusu kila siku?"

"Kila asubuhi. Si tunakaa pamoja?"

"Hii dawa, mama, mnakula wangapi hapa?"

"Wawili tu," mama akasema, kwa fahari. "Kwa jirani ndio wanakula wanne."

Daktari alicheka. Alicheka hadi akavua miwani, na mama akacheka kwa kuwa mgeni amefurahi, na hata baba akapunguza redio. Kisha nikaona hacheki tena, bali amejifunika macho kwa mkono. Miaka minne ya kazi ilikuwa ndani ya kile kisahani, naye alikuwa wa kwanza kuiona.

Hakumgombeza mama. Hakumwondoa. Alimwendea baba, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba mashine yake inasumbua na anahitaji mtu mzima mwenye afya nzuri aijaribie. Baba akakunja shati mwenyewe. Mashine ilisoma, Daktari akaibonyeza tena, ikasoma vile vile. Wiki hiyo hiyo alimpeleka kliniki yeye binafsi, huku baba akiamini anasaidia serikali. Akaanzishiwa dawa zake mwenyewe, nzima.

Siku ile tukitembea kuelekea stendi, Daktari aliniuliza bila kunitazama, "Wewe ulijua watu wanagawana?"

"Hapana, Daktari."

Neno hilo nililisema kwa wepesi kabisa. Mpaka leo nashangaa lilivyotoka jepesi.

Aliongeza swali moja kwenye fomu, kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu: Dawa hii mnakula wangapi? Tukarudi nyumba zote. Nilidhani watu watakataa, lakini walijibu kama waliokuwa wakingojea. Bibi mmoja alikuwa anampa mwanawe. Kangemi tuliwakuta majirani wawili, mmoja wa presha na mwingine wa sukari, ambao walibadilishana dawa siku za Jumapili ili kila mmoja apate ladha ya zote. Hakuna aliyekuwa ametudanganya. Tulihesabu tembe, hatukuhesabu midomo.

Wakati huo ripoti ilikuwa tayari. Daktari alikuwa ameshaandikiwa nafasi ya kuisoma mbele ya wakubwa, ng'ambo, na kila mtu ofisini alijua baada ya hapo ataitwa profesa. Alikwenda kwa mkurugenzi akaiomba irudi. Nilikuwa kwenye chumba nikiandika kumbukumbu za mkutano.

"Toa hizo nyumba zenye shida, tuendelee na zilizobaki," mkurugenzi akasema.

"Hizo nyumba ndizo utafiti. Zile zingine ni za watu wenye hatujawauliza vizuri."

"Unajua unachopoteza?"

"Najua. Mimi kazi yangu ni gharama."

Safari ikafutwa. Cheo kikaenda kwa mwingine, na fedha za mwaka uliofuata hazikuja. Tulimaliza kazi upya tukiwa watu watatu kutoka kumi na wawili, na ile ripoti mpya, iliyosema wazi kwamba ukimpa dawa mtu mmoja umeipa nyumba nzima na uhesabu hivyo, haikupigiwa makofi na mtu. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Alilalamikia lifti.

Baba alikula dawa zake wiki tatu. Wiki ya nne, asubuhi, alikuwa anafungua redio, mkono wa kulia ukamwangukia mapajani na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Aliishi, tunashukuru, na maneno yalirudi baada ya miezi, lakini mkono haukurudi. Daktari alikuja hospitalini na muthokoi. Madaktari wa kweli walieleza kwamba presha ilikuwa juu kwa muda mrefu, pengine mwaka au miaka, na dawa ilikuja ikiwa imechelewa. Nilisimama upande wa pili wa kitanda nikisikiliza neno hilo, imechelewa, na nikaona aibu. Nikamnyooshea baba shuka.

Utafiti ulipokwisha tulitawanyika. Yeye akarudi kwao, nikasikia anafundisha wauguzi na anafuga mbuzi wanaomshinda. Alinipigia kila Krismasi, akaniuliza maswali kumi na matano, akakata simu bila kuaga. Mwaka jana, Jumamosi moja, akanipigia kuwa yuko stendi ya Waithaka, nije nimchukue, amekuja kumwona mama na mzee.

Alikuwa amepungua, na nywele zimekuwa nyeupe mbele. Kabla ya kuingia ndani aliomba tukae kwanza nje, apumzishe miguu. Mama alikuwa jikoni akipigana na sufuria. Tukaketi kwenye benchi kando ya banda la kuku, na mimi, ambaye nilikuwa nimejizoeza maneno hayo miaka minne, nikaanza vibaya.

"Daktari, huyu mama..."

"Ni mamako."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Wewe umewahi kuona mgeni akiambiwa afute viatu kwa sauti hiyo?"

"Na hukusema?"

"Ningesema, ningemtoa. Sheria ilikuwa wazi. Kwa hiyo nilitafuta kalamu."

Nilicheka, kwa uchungu. Ningeweza kuishia hapo, na kusema kweli nilitamani.

"Kuna lingine. Zile tembe. Nilijua zaidi ya mwaka kabla yako. Nilimwona akikata. Niliandika kwamba anakula vizuri, na uliponiuliza pale njiani nikakataa."

Aligeukia mlango. Ndani tulimsikia baba akihangaika na redio kwa mkono wa kushoto, stesheni zikipita moja baada ya nyingine.

"Kama ningesema wakati ule," nikauliza, "mkono wake ungekuwa vile uko?"

Nilitumaini atasema haijulikani. Alikuwa mtu wa kusema haijulikani, inategemea, tuangalie kwanza, hata ukimuuliza kama mvua itanyesha. Nilikuwa nimekuja kuomba hilo tu, na kwake lingekuwa jambo dogo.

"Ingesaidia," akasema. "Sitakudanganya. Mwaka mzima wa dawa yake mwenyewe, ingesaidia sana."

Niliinamisha kichwa. Machozi yalikuja nami nikayaacha, mtu mzima wa watoto wawili.

"Nisikilize," akasema. "Wewe ulijua, ukanyamaza. Mimi nililipwa kuuliza, nikakaa miaka minne nahesabu tembe bila kuuliza nani anakula. Hii kitu huwezi kubeba peke yako. Tugawane."

Mama alichungulia dirishani. "Mnanong'onezana nini huko nje?"

"Hesabu, mama," Daktari akajibu. "Kulikuwa na moja imebaki."

"Basi maliza mkuje, chakula inapoa."

Daktari aliinuka kwa taabu, akakung'uta gauni, akaingia. Kupitia mlango nilimwona akimwendea baba kwenye kiti chake, akampa mkono wa kushoto kabla baba hajalazimika kuutoa wake, na nikamsikia mzee akicheka. Mimi nilibaki nje kidogo, nikifunga banda la kuku lililokuwa limefungwa tayari.